SOMO: Gumzo la WhatsApp, toka simu ya mteja hadi kielelezo

Mawakili wasomi, wiki haiishi bila swali hili: "Nina skrinshoti 40, nizipeleke Mahakama Kuu Mbeya?" Naandika mara moja tu: skrinshoti pekee hazitoshi, peleka gumzo lenyewe.

1. Mpe mteja barua: asifute chochote, asiuze simu. Aisaini.

2. Ujumbe unaotoweka uzimwe siku hiyohiyo, mbele yako.

3. Hamisha gumzo ("Export chat") liwe faili. Hapa ndipo kesi zinapofia. Ukihamisha pamoja na picha na sauti, WhatsApp inatoa ujumbe 10,000 wa karibuni tu. Bila hizo, 40,000. Mkataba wa mbao wa Mafinga ulioanza miaka mitatu nyuma unaweza kukatwa kichwa usijue. Linganisha tarehe ya kwanza kwenye faili na ya kwenye simu. Halafu jina: faili linaandika jina alilohifadhi mteja, "Mzee Mbao", si namba. Piga picha ukurasa wa mawasiliano unaoonyesha namba. Na 03/04 ni Machi au Aprili? Hutegemea mipangilio ya simu.

USIPOKEE picha kwa WhatsApp! Inazibana na kufuta taarifa za siku na mahali zilipopigwa. Tumia waya.

4. Hashi (alama ya kidole ya faili), kabla hujagusa kitu. Kwenye kompyuta ya Windows, andika amri hii kwa faili ulilohamisha: certutil -hashfile gumzo.zip SHA256. Herufi na tarakimu 64, ziingie kwenye kiapo.

5. Kiapo: IMEI (namba ya utambulisho wa simu), nani alihamisha, saa ngapi, kompyuta gani na kama ilifanya kazi sawasawa. Soma kifungu cha 18, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015.

Maswali

— Kaka, skrinshoti hazitoshi kweli?
Hazitoshi. Hamisha gumzo zima, rudi hatua ya 3.

— Nimefungua gumzo.zip nikarekebisha makosa ya tahajia, shida?
Umeharibu kielelezo. Simu bado ipo? Anza upya.

— Shikamoo wakili. Kwa nini hashi, na simu yenyewe tunayo?
Marahaba, swali zuri. Faili la maandishi mtu yeyote analihariri kwa dakika moja. Ukibadilisha nukta, hashi inakuwa nyingine kabisa. Hashi haithibitishi kuwa gumzo ni la kweli, inathibitisha tu kuwa halijaguswa tangu ulipoihesabu. Ukweli wake unabaki kwenye simu, itunze.

— Nisipoviweza hivi vyote?
Chama cha mawakili cha California, Marekani, kwenye maoni rasmi Na. 2015-193 kuhusu ushahidi wa kielektroniki, kinasema: jifunze, shirikiana na mjuzi, au uiache kazi. Hapa Iringa mafundi wazuri wapo, ila awe tayari kula kiapo.

— Sauti za Kinyakyusa?
Tunza faili la .opus (faili la sauti la WhatsApp) lenyewe, na mkalimani naye aape.