Namna ya kujifunza minueti ya Mozart katika F

Mwanakwaya wa Kisumu anayesoma solfa bila kusita anaweza kuanza muziki wa kale wa Ulaya kwa minueti katika F, K. 2 (nambari yake katika orodha ya tungo za Mozart), ambayo Wolfgang Amadeus Mozart aliitunga Januari 1762, akiwa na umri wa takriban miaka 6.

Weka doh kwenye F, ukikumbuka kwamba fah itaangukia kibonyezo cheusi, yaani B flati. Ikiwa unatumia kibodi ya kanisa, zima midundo yake ya kujiendesha. Imba kwanza sauti ya juu huku ukihesabu mapigo matatu na kutia uzito kwenye la kwanza, kwa kuwa minueti ilikuwa muziki wa kucheza dansi, na mchezaji asiposikia pigo hilo hupoteza hatua.

Kisha jifunze kila mkono peke yake, polepole. Mkono wa kushoto, ambao wengi huupuuza, ndio unaostahili subira zaidi, kwani ndio unaobeba mwendo. Pedali usiiguse kabisa. Karibu na mwisho muziki husimama kidogo kabla ya kufunga. Usiharakishe kituo hicho, kwa maoni yangu ndicho kizuri kuliko vyote.