Jumla isikufumbe macho: namna ya kukagua usawa na ujumuishaji chuoni

Mara ya kwanza nilipokagua chuo kimoja hapa Mombasa nililetewa jedwali la ukurasa mmoja pamoja na chai ya maziwa. Hakuna kabila lililopita theluthi moja ya wafanyakazi, wanawake wapo, wenye ulemavu wapo. Nikatia saini. Natoka, mzee wa langoni akaniuliza: "Mwanangu, umewauliza wafyekao nyasi ni kina nani, na wafundishao ni kina nani?" Sikuwa nimeuliza.

Hatua ya 1: Shika kipimo mkononi

Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inapiga marufuku ubaguzi na inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kifungu cha 54 kinataka angalau asilimia 5 ya nafasi hizo ziende kwa watu wenye ulemavu, kidogo kidogo hadi zitimie. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ndiyo yenye ile theluthi moja ya kabila katika taasisi za umma. Hicho ni kiwango cha chini tu. Chuo kikikifikia kisijipigie makofi.

Hatua ya 2: Omba orodha, ukatae muhtasari

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Omba orodha ya mishahara isiyo na majina, yenye daraja la kazi, aina ya mkataba, mwaka wa kuajiriwa, jinsia, kabila na ulemavu. Kisha ipasue kwa madaraja: wahadhiri peke yao, makarani peke yao, mafundi peke yao. Chuo kinaweza kutii sheria kwa jumla huku Wamijikenda wamejaa bustanini na jikoni, na ofisi za juu hawamo. Uliza pia kuhusu askari na wasafishaji walioletwa na kampuni ya nje, maana hao mara nyingi hawamo katika orodha kabisa.

Tazama na fomu yenyewe. Mijikenda ni makabila tisa. Mdigo wa Kwale na Mgiriama wa Kilifi wakitiwa kapu moja, hutajua nani amekosa. Wapemba walitambuliwa rasmi 2023 tu, kwa hiyo fomu ya zamani haina mahali pao.

Kwa wanafunzi, hesabu kila mlango: walioomba, walioitwa, walioripoti, waliofika mwaka wa pili, waliohitimu. Wasichana wakiripoti wengi halafu wakapungua kabla ya mwaka wa pili, usimlaumu msajili. Ulizia karo, malazi, na yule avukaye feri ya Likoni usiku baada ya kipindi cha mwisho.

Tahadhari: kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kabila, dini na afya ni data nyeti. Mimi kundi likiwa chini ya watu watano sichapishi idadi yake. Idara yenye mhadhiri mmoja kiziwi, kila mtu atamjua.

Hatua ya 3: Tembea

Nenda na mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, na umlipe kwa muda wake. Mfuate hadi maktaba, maabara, msalani. Kisha chukua ratiba: kuna mtihani Ijumaa saa saba mchana? Mwezi wa Ramadhani, vipindi vya jioni vinagongana na futari?

Hatua ya 4: Sikiliza mbali na wakubwa

Wasafishaji waulize kwa Kiswahili, asubuhi, bila msimamizi wao. Ukiambiwa hakuna malalamiko hata moja kwa mwaka mzima, usifurahi. Uliza sanduku la malalamiko liko wapi na ufunguo wake anao nani.

Hatua ya 5: Ripoti yenye majukumu

Kila kasoro iwe na cheo cha mhusika, tarehe na gharama. "Chuo kitaimarisha" ifute popote uionapo.

Rudi baada ya miezi sita, na uanze na yaliyoandikwa "imekamilika". Katika chuo kile kile niliambiwa njia ya mteremko ya viti vya magurudumu tayari imejengwa. Ilikuwepo kweli, saruji safi, vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Juu yake zilikuwa zimeegeshwa pikipiki nne.