Kuomba kibali cha kutathmini huduma za afya kwa mahojiano mkoani Kigoma

Takwimu za kliniki zitakuambia ni akina mama wangapi wa Uvinza au Buhigwe wamejifungulia kituoni. Hazitakuambia kwa nini jirani yao amejifungulia nyumbani. Hilo utalijua kwa kukaa naye na kumsikiliza, na ili umsikilize kihalali unahitaji kibali, hata kama mradi wako unaiita kazi hiyo tathmini na si utafiti. Ukihoji wagonjwa, wajawazito au wahudumu, na una nia ya kuchapisha, omba kibali kamili cha maadili. Mimi na wenzangu tumemaliza mzunguko huo juzijuzi, na nitakaa zaidi pale palipotula muda na pesa.

Kibali cha taifa hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria namba 23 ya 1979. Chuo chako kikiwa na kamati ya maadili, pitia huko kwanza. Kujaza fomu, kuambatisha wasifu wa watafiti na kulipa ada hakuna ugumu. Mtafiti mwenzako akiwa raia wa kigeni, atahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kwa hiyo aanze mapema. Data zikitoka nje ya nchi, hata sauti tu zilizorekodiwa, andaa mkataba wa kuhamisha data.

Andiko la utafiti wa kimaelezo, yaani wa mahojiano na si wa takwimu, mara nyingi hurudishwa kwa sababu ya ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu watakaohojiwa. Anayelipitia amezoea kuona kanuni ya hesabu, na kwako haioni. Usiibandike kanuni isiyohusika ili kumridhisha. Eleza kwamba unachagua watu kwa makusudi, kisha taja nani na kwa nini: mama aliyejifungulia kituoni, aliyejifungulia nyumbani, mume, mkunga wa jadi, muuguzi wa zahanati. Sema utaendelea kuhoji mpaka mahojiano yasilete jambo jipya. Kuna uchambuzi uliochapishwa 2006, wa mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, ulioonyesha kwamba mambo makuu yalikuwa yameshajitokeza katika mahojiano 12 ya mwanzo. Unafaa kutajwa, ila kwa uaminifu: wanawake wale walikuwa kundi linalofanana. Ukiwa na makundi matano huwezi kuyagawia mahojiano 12 hayo. Panga idadi ya kila kundi peke yake, na uombe idadi ya juu kabisa unayoweza kuihitaji.

Cheti cha kibali hutaja maeneo ya utafiti. Wilaya ambayo haimo huwezi kuingia mpaka uombe marekebisho na kusubiri tena, kwa hiyo Kakonko ikiwa na uwezekano wowote wa kuhusika, iandike tangu mwanzo. Mwongozo wa mahojiano nao uandikwe kwa mada, ukieleza wazi kwamba maswali ya kufuatilia yatabadilika kadiri mnavyojifunza ndani ya mada hizo.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, lakini Kigoma usiishie hapo. Vijijini wapo wengi, hasa wazee, wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kiha, lugha ya Waha wa mkoa huu. Andaa tafsiri, mpe mtu mwingine airudishe kwenye Kiswahili bila kuona ya awali, kisha linganisha. Kiha kina majina ya maradhi na ya hali za ujauzito ambayo hayalingani moja kwa moja na ya kliniki, na hapo ndipo tathmini nzima inaweza kupotoka. Mkalimani asiwe mhudumu wa kituo kinachotathminiwa. Nalisisitiza hili kwa moyo wote, kwa sababu hakuna mama atakayesema alitukanwa wodini huku aliyemtukana, au rafiki yake, ndiye anayetafsiri.

Cheti mkononi si ruhusa ya kuingia kijijini. Barua hutoka TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, zikashuka wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo Mganga Mkuu wa Wilaya, watendaji wa kata na vijiji, na mganga mfawidhi wa kituo. Katika halmashauri moja barua yetu ilikwama masijala kwa sababu ilielekezwa kwa Mganga Mkuu, si kwa Mkurugenzi. Wasaidizi wetu walikuwa wameshafika, na gesti na posho viliendelea kulipwa bila hata mahojiano moja. Hakikisha barua imeelekezwa kwa Mkurugenzi na nakala iende kwa Mganga Mkuu. Kila ofisi ikugongee mhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na timu isisafiri kabla barua ya halmashauri haijatoka. Wakimbizi wa kambini wakihusika, ruhusa ya kuingia kambini inaombwa Wizara ya Mambo ya Ndani, njia yake peke yake.

Ukifika kituoni, mganga mfawidhi kwa nia njema anaweza kukuchagulia wa kuhojiwa. Mshukuru, umwonyeshe ukurasa wa andiko unaoeleza namna ya kuwapata washiriki. Mwenyekiti au mtendaji wa kijiji asikae kwenye kikao cha majadiliano ya kikundi. Nauli na fidia ya muda ziwe zimetajwa kwenye andiko, zilingane kwa wote. Vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vina ratiba yao: wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa na kupumzika mwezi ukiwa mpevu. Majadiliano ya wanaume yapange siku za mbalamwezi, la sivyo utawakuta wamelala.

Kibali hudumu mwaka mmoja. Ripoti ya maendeleo hutakiwa kila miezi sita, na nakala yake iende pia mkoani na wilayani. Kuhuisha kuombwe kabla ya tarehe kufika, maana mahojiano ya baada ya hapo hayana kinga ya kibali. Ruhusa ya kuchapisha nayo huombwa NIMR. Na bajeti iwe na siku ya kurudisha matokeo kwa wanakijiji waliohojiwa, kwa Kiswahili na Kiha. Fungu hilo liandike tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mwishoni mwa mradi ndilo huwa la kwanza kukatwa.