Kuwinda kulungu kwa upinde nje ya jimbo lako: mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda Nyanda Kuu za Marekani

Wenzetu wengi walioko Ohio, Minnesota, Iowa au Texas wameujulia uwindaji wa upinde kwa kulungu mkia-mweupe. Unapanda mtini pembeni mwa shamba la mahindi, unatulia, na mnyama anakuja mwenyewe. Ukielekea magharibi, Nebraska, Dakota zote mbili, mashariki ya Montana, Wyoming na Colorado, unamkuta kulungu mwingine. Huyu ni Odocoileus hemionus, mwenye masikio makubwa kama ya nyumbu (yule chotara wa punda na farasi), mkia mwembamba wenye ncha nyeusi, na pembe zinazogawanyika mbili na kila tawi likagawanyika tena. Hapa nitamwita kulungu-masikio. Makao yake ni nyasi na makorongo, mahali unapoweza kutembea nusu siku bila kuona mti wa kupanda. Ni wewe unayemfuata, kwa miguu na mara nyingi kwa tumbo, naye macho, pua na masikio yote yanafanya kazi. Uamuzi mwingi wa safari hiyo unafanyika ukiwa bado nyumbani.

Anza na leseni, na uanze mwaka ukiwa mchanga. Kosa ninaloliona kwa wageni, yaani wawindaji wanaotoka nje ya jimbo, ni kupanga likizo ya Septemba kisha kuulizia leseni Agosti. Colorado haijauza leseni ya kulungu kiholela tangu 1999. Hutolewa kwanza kwa droo, na maombi hufungwa mapema Aprili. Montana nayo hufunga maombi ya wageni tarehe 1 Aprili. Kansas hupokea maombi ya wageni Aprili, na anayetaka kulungu-masikio huko lazima aombe kibali chake mahususi, kwa kuwa leseni ya kawaida ya kulungu humpa mkia-mweupe tu. Baadhi ya majimbo yana mfumo wa pointi: ukikosa mwaka huu unapata pointi, na pointi zikijaa nafasi yako inakua. Kwa hiyo hata kama huna mpango wa kusafiri mwaka huu, kununua pointi ni uwekezaji wa maana. Bei nayo isikushtue siku ya kulipa. Colorado, mgeni hulipa takriban mara kumi ya anacholipa mkazi, na juu yake zipo stempu za makazi ya wanyama na ada ndogo ndogo. Usitumie maneno ya rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Fungua kitabu cha kanuni cha mwaka huu cha jimbo lenyewe, maana nafasi za wageni zinapunguzwa mara kwa mara na mipaka ya maeneo hubadilika.

Kabla hujalipa, hakikisha una cheti cha mafunzo ya uwindaji. Colorado inakidai kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, na wengi wetu tuliokuja Marekani ukubwani hatuna, kwa sababu hatukukulia kwenye mfumo huu. Mafunzo mengi yanapatikana kwenye intaneti na hutambuliwa na majimbo mengine. Montana inaongeza sharti lake: ili uuziwe leseni ya upinde uonyeshe cheti cha mafunzo ya upinde, au leseni ya upinde uliyowahi kuwa nayo. Cheti hicho huwezi kukipata usiku wa kuamkia safari.

Swali la pili ni ardhi, na hapa ndipo ningetumia jioni nyingi kuliko kwenye kitu kingine chochote. Serikali kuu inamiliki nyasi za umma zenye ukubwa wa kushangaza: Oglala kaskazini-magharibi mwa Nebraska, Buffalo Gap huko South Dakota, Little Missouri huko North Dakota yenye zaidi ya ekari milioni moja, Thunder Basin huko Wyoming, Pawnee na Comanche huko Colorado. Lakini ukiitazama ramani utaona vipande vya umma vimechanganyika na ranchi za watu, na kwenye nyasi hakuna mstari unaokuonyesha umevuka. Programu ya ramani kama onX, iliyopakuliwa kwenye simu ili ifanye kazi bila mtandao, ni ya lazima. Kuna pia ardhi binafsi ambayo wenye ranchi wameikodisha kwa jimbo ili wawindaji waingie: Montana wanaita Block Management, ambako mara nyingi unajaza kikaratasi kwenye kisanduku getini kabla ya kuingia, North Dakota wana PLOTS, Wyoming wana Access Yes.

Kila jimbo lina desturi yake juu ya mipaka. South Dakota, ardhi ya mtu huingii bila ruhusa, kibao kiwepo kisiwepo. North Dakota, ardhi isiyowekewa alama ya kukataza huwa wazi kwa wawindaji, ila tangu miaka ya karibuni mwenye ardhi anaweza kuweka katazo hilo kwenye mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo kutoona kibao si ruhusa. Na kwenye ardhi za kabila katika hifadhi za Wenyeji wa Marekani kama Pine Ridge na Rosebud, leseni ya jimbo haikupi haki yoyote. Kabila lina kanuni na vibali vyake.

Kisa cha Elk Mountain kinafaa kujulikana na kila mgeni. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walikwenda Wyoming, wakatumia ngazi kuvuka kona ambapo vipande viwili vya umma vinagusana, bila kukanyaga ardhi ya ranchi iliyo pembeni. Walishtakiwa, baraza la wazee wa mahakama likawaachia mwaka uliofuata, mwenye ranchi akawadai fidia, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa 10 ikaamua upande wa wawindaji. Uamuzi huo unaibana Wyoming, pamoja na Colorado na Kansas. Montana, Nebraska na Dakota ziko chini ya mahakama nyingine za rufaa, kwa hiyo usiubebe huko kama ngao. Ushauri wangu: piga simu kwa mwenye ranchi wakati wa kiangazi, jitambulishe kwa jina na unakotoka, uliza kwa adabu, na akikataa mshukuru. Wengi wanaojibu hapana kwa bunduki hulainika wakisikia ni upinde.

Kisha chagua wakati. Nebraska hufungua msimu wa upinde tarehe 1 Septemba na kuufunga mwishoni mwa Desemba, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua. Mwanzoni mwa Septemba madume hutembea kwa makundi, baadhi yao pembe zikiwa bado zimevikwa ngozi laini, na ratiba yao inatabirika: asubuhi wanakula, jua likipanda wanaingia kivulini. Ila ni wakati wa joto. Novemba dume anafuata majike na anasahau hadhari, lakini hutabiri atakwenda wapi, na msimu wa bunduki unaingia hapo katikati. Nebraska, mwindaji wa upinde akiwa porini siku hizo za bunduki naye lazima avae rangi ya machungwa inayong'aa. Colorado, eneo la mashariki ya barabara kuu ya I-25 hufunguliwa kwa upinde Oktoba. Kwa safari ya kwanza ningechagua Septemba, kwa sababu dume anayelala mahali pamoja kila siku anamfundisha mgeni haraka.

Sasa mazoezi, maana mnyama anastahili kifo cha haraka. Anayelenga uani akiwa amesimama wima, hakuna upepo, umbali unajulikana, hajajiandaa kwa nyanda. Fanya mazoezi umepiga goti, umekaa kitako, umeinama nyuma ya kichaka. Toka siku ya upepo mkali utazame mshale unavyosogezwa. Macho hudanganyika vibaya mahali pasipo miti ya kupimia, kwa hiyo kipima umbali kiwe shingoni muda wote. Upinde wa roda unaorusha mshale kwa futi 280 kwa sekunde, mnyama akiwa yadi 50 nawe ukadhani ni 45, mshale unaanguka chini ya lengo kwa takriban inchi 6. Hiyo ndiyo tofauti ya mapafu na mguu uliovunjika. Amua umbali wako wa mwisho ukiwa nyumbani, uuandike, na siku ya siku usiuongeze hata dume awe mkubwa namna gani. Hakikisha pia upinde na vigumba vyako vinakidhi sheria ya unakokwenda: Colorado inataka nguvu ya kuvuta isiyopungua pauni 35, na kigumba chenye upana usiopungua inchi 7/8 na angalau makali mawili ya chuma.

Darubini nzuri ina faida kuliko viatu vipya. Ya 10x42 (inayokuza mara kumi, lenzi ya milimita 42) inatosha, ukiwa nayo juu ya stendi ya miguu mitatu, kwa kuwa mkono unaotetemeka hauoni ncha ya pembe iliyochomoza kwenye nyasi. Utakaa juu ya kilima tangu alfajiri, umtazame dume hadi alale. Usikimbilie. Mara nyingi huamka baadaye asubuhi, kivuli kikimkimbia, akasogea kidogo na kulala tena; huko anakolala mara ya pili ndiko anakodumu. Piga picha ya korongo kabla ya kushuka, uweke alama kwenye ramani, kwa maana ukifika chini kila kichaka kinafanana na kingine. Zunguka upepo uwe usoni au ubavuni mwako. Upepo wa kawaida wa nyanda ni rafiki, kwa kuwa unameza sauti ya nyasi unazokanyaga. Siku ya utulivu kamili ni bora kuendelea kutazama kuliko kumfukuza. Yadi 100 za mwisho wengi huvua viatu na kuvaa soksi nene mbili. Hapo utaikuta mipungate ya chini chini, kwa hiyo vaa vikinga-magoti na glavu, na uwe na koleo ndogo ya kung'olea miiba. Ukishafika, subiri asimame mwenyewe. Inaweza kuchukua saa nzima umepiga goti, mkono kwenye upote, na hilo nalo lifanyie mazoezi.

Mambo ya gari na mwili yasikuchukulie muda mrefu, ila usiyaruke. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, kwani vijito vingi Septemba ni vikavu. Jaza mafuta kila unapoona kituo. Mvua ikinyesha kwenye udongo wa mfinyanzi wa Dakota magharibi na Montana mashariki, barabara inageuka utelezi unaoganda kwenye matairi hadi gari lisogee kando, hata lenye nguvu magurudumu yote manne. Jibu lake ni kukaa ulipo mpaka ikauke, kwa hiyo uwe na chakula cha siku mbili za ziada. Simu mara nyingi haina mtandao. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kinaokoa maisha. Na Septemba nyoka mwenye njuga mkiani bado yuko nje. Tazama kabla ya kuweka mkono au goti.

Kwa sisi Waislamu, jambo la halali lipangwe kabla pia. Hadithi ya Adi bin Hatim inatupa mwongozo: mtaje Mwenyezi Mungu unapoachia mshale, mnyama aliyetobolewa na makali huliwa, aliyeuawa kwa kishindo cha ubavu wa mshale haliwi, ukimkuta siku ya pili na hakuna alama nyingine ila ya mshale wako ni halali, lakini ukimkuta amezama majini umwache. Ukimwahi angali hai, mchinje. Mwulize mwalimu wako mapema kuhusu hali zenye utata, na uangalie jimbo linaruhusu nini katika kummaliza mnyama aliyejeruhiwa.

Nyama ndiyo inayopotea kirahisi kuliko vyote. Joto la Septemba linaweza kupita nyuzi 30, na kilomita tatu za kubeba mzigo kwa mgongo si mchezo. Nenda na mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, visu viwili vikali, na madeli makubwa mawili yenye chupa za maji ulizogandisha nyumbani. Ondoa ngozi mapema, tundika minofu kivulini, kisha iingie kwenye deli huku maji yanayoyeyuka yakimwagwa. Majimbo mengi yanataka ushahidi wa jinsia uendelee kushikamana na sehemu ya nyama, kwa hiyo soma hilo kabla ya kuweka kisu.

Njiani kurudi kuna CWD (Chronic Wasting Disease), ugonjwa wa kulungu unaowakondesha hadi kufa, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza 1967 kwa kulungu-masikio waliofugwa kwenye kituo cha utafiti cha Fort Collins, Colorado. Unasababishwa na prioni, yaani protini zilizopinda vibaya, ambazo moto wa jikoni hauziui, na ndiyo maana majimbo mengi yanakataza kuingiza ubongo na uti wa mgongo wa mnyama kutoka nje. Angalia kanuni za jimbo lako na za kila jimbo utakalopita. Njia salama ni kurudi na minofu isiyo na mfupa na fuvu lililosafishwa kabisa. Tangu 1900 sheria ya shirikisho iitwayo Lacey Act inafanya kusafirisha mawindo haramu kuvuka mpaka wa jimbo kuwa kosa la serikali kuu, na majimbo karibu yote yana mkataba wa kutambua adhabu za wenzao, kwa hiyo ukinyang'anywa leseni Nebraska unaweza kuikosa na nyumbani.

Jua mapema ni wapi utapeleka tezi za shingoni zipimwe, kwenye ofisi ya wanyamapori au kisanduku cha sampuli kilicho njiani. Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa, na taasisi ya shirikisho ya kudhibiti magonjwa, CDC, inashauri nyama ya mnyama aliyekutwa na ugonjwa isiliwe. Andika namba ya leseni na ya sampuli juu ya kila mfuko unaoingia kwenye friza, usichanganye nyama ya wanyama wawili, wala usiigawe kwa majirani mpaka jibu liwe mkononi.