Namna ya kuwataja watu katika nyaraka za mtaa na kijiji

Barua ya utambulisho ikishagongwa muhuri wa mtaa hutoka mikononi mwa aliyeiandika na kwenda benki, kituo cha polisi, ofisi ya vitambulisho vya taifa, pengine hata mahakamani, na kila inapofika humtangulia mwenye barua kueleza yeye ni nani. Muhtasari wa kikao nao husomwa katika kikao kinachofuata, mbele ya watu walewale waliotajwa ndani yake, kisha hubaki kwenye jalada kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtendaji wa mtaa mmojawapo wa Ngamiani hapa Tanga, au wa kijiji chochote cha Mkinga, Muheza au Pangani, anapochagua neno la kumwita mwananchi, aelewe kwamba neno hilo litasomwa na watu wasiomjua mwananchi huyo hata kidogo.

Jambo la kwanza kujiuliza, kabla ya kutafuta neno la staha, ni kama sifa unayotaka kuitaja inahitajika katika waraka huo. Mwanamke anayetaka kufungua akaunti anahitaji barua inayotaja jina lake kamili, mahali anapoishi na muda ambao ofisi imemfahamu. Ujane wake, dini yake, watoto wake aliozaa kabla ya ndoa, au ugonjwa alionao, havina kazi katika barua hiyo. Hali ya maambukizi ya VVU ni siri ambayo sheria ya mwaka 2008 inailinda, na mtendaji aliyeijua kwa sababu mwananchi alifika ofisini kuomba msaada hana ruhusa ya kuiandika kwa sababu tu ameijua.

Kabila nalo ni hivyo hivyo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao, na rejista ya wakazi wa mtaa haina sababu ya kuuliza kile ambacho sensa iliacha kukiuliza. Hapa Tanga suala hili lina uzito wa pekee. Mkonge ulipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1893, na mashamba yake yakaleta wafanyakazi kutoka bara na kutoka nchi jirani, wakiitwa manamba kutokana na namba walizopewa kazini. Wajukuu wao leo ni wakazi wa Muheza, Korogwe na Tanga mjini, wamezaliwa hapa na wanapiga kura hapa. Waraka unaowagawa wananchi kuwa “wenyeji” na “watu wa kuja”, hasa pale panapogawiwa ardhi ya kijiji, unawapokonya wajukuu hao haki kabla hata mkutano haujaanza. Iwapo ni lazima kutofautisha, andika mwaka ambao kaya ilianza kuishi kijijini; huo ni ukweli unaoweza kuthibitishwa.

Ikiwa sifa inahitajika kweli, ndipo lije suala la jina. Lugha yetu imerithi maneno kama kilema, kipofu na kiwete, ambayo yamevaa kiambishi cha ngeli ya vitu, ingawa sarufi inayapatanisha kama watu. Sheria ya mwaka 2010 inasema “watu wenye ulemavu”, ikimtanguliza mtu, na waraka wa serikali ufuate sheria. Andika mtu mwenye ualbino, wala usiandike zeruzeru kwa hali yoyote, kwa kuwa neno hilo limewahi kutangulia mapanga. Andika mtu asiyeona, mtu mwenye tatizo la afya ya akili, mtu anayeishi na VVU, mraibu wa dawa za kulevya badala ya teja. Hata hivyo, usigeuze utaratibu huu kuwa mashine. Viziwi wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania, na neno wanalolikataa ni bubu, kwa sababu wana lugha yao ya alama. Anayeamua jina ni mwenye jina, kwa hiyo muulize kabla ya kuandika.

Niliwahi kuandika mihtasari katika mtaa mmoja, na katika kikao kimoja niliandika kwamba Ndugu fulani alichangia hoja ya maji, Bi fulani alichangia hoja ya taa za barabarani, na “vilema watatu” waliomba ngazi ya ofisi iwekewe njia ya baiskeli za magurudumu matatu. Muhtasari uliposomwa, mmoja wao aliomba kusema, akauliza kwa nini wenzake wote wana majina isipokuwa wao watatu. Sikuwa na jibu. Tangu siku ile naamini kwamba staha kubwa kuliko zote katika muhtasari ni kumwandika kila mchangiaji kwa jina lake, kwa uzito uleule.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo naliona likiongezeka: kulainisha neno mpaka maana ipotee. Wengi sasa huandika “makundi yenye mahitaji maalumu” wakidhani wameongeza heshima. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangazo likiandika “mahitaji maalumu”, yatima, wajane na wazee watadhani wameitwa, na watu wenye ulemavu watajikuta wakigombania fungu ambalo sheria imeshawapa. Vivyo hivyo “mzee”: kwetu ni neno la heshima linaloweza kupewa mtu wa miaka 45, ilhali sera ya wazee ya mwaka 2003 inahesabu kuanzia miaka 60. Andika umri.

Ulaini huu huwa hatari zaidi pale serikali inapomwondoa mtu mahali alipo. “Kuwapanga wamachinga” na “kupisha mradi” ni maneno yenye adabu, na hakuna ubaya kuyatumia, mradi yafuatwe na sentensi inayosema nani anaondoka, kutoka wapi, kwenda wapi, lini, na fidia yake italipwaje. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani hapa Tanga, na waliopitiwa na mradi huo wanaitwa waguswa. Neno hilo ni bora mara nyingi kuliko “wavamizi”, ambalo humhukumu mtu kabla milki yake haijachunguzwa, lakini haliwezi kusimama mahali pa orodha ya majina, mazao na majengo.

Matangazo ya ubaoni yaandikwe kwa sauti ya mtu anayezungumza na majirani zake. Badala ya “atakayekaidi atachukuliwa hatua kali”, taja sheria ndogo inayohusika na kiasi cha faini. Mama ntilie waandikwe mama lishe, na fomu ya kaya isimchukulie mkuu wa kaya kuwa mwanamume.

Kuhusu nyaraka za zamani, muhtasari uliokwisha kuthibitishwa usifutwe wala kupakwa wino mweupe. Ni kumbukumbu, na marekebisho huandikwa katika muhtasari wa kikao kinachofuata. Kinachopaswa kubadilishwa mara moja ni fomu na barua za kiolezo zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, kwa kuwa neno baya lililomo humo hurudiwa kila siku bila mtu kuliamua upya. Zichapishe zote, kaa na wajumbe wachache, wakiwemo watu wenye ulemavu na wanawake, zisomwe kwa sauti, na kila neno ambalo msomaji anasita kulitamka mbele ya anayehusika lipigiwe mstari.