Sevu inayoingia seti ikiwa 23 kwa 23: ninavyowafundisha wachezaji wa chuo

Nina mchezaji wa voliboli wa mwaka wa pili, mshambuliaji wa upande wa kushoto. Mazoezini alikuwa akipiga sevu (mpira wa kuanzisha mchezo) ishirini, kumi na tisa zinaingia. Kwenye mechi, seti ikifika 23 kwa 23, yaani pointi mbili tu kabla ya kuimaliza, mpira unakwenda wavuni. Tulihangaika naye karibu muhula mzima. Utaratibu huu niliupanga upya baada ya hapo, kwa ajili ya kocha mwenye wachezaji kama wangu: watu wazima, wana nguvu, ila mazoezini wanakuja mara tatu kwa wiki, tena wakitokea maabara.

1. Chagua sevu moja

Sevu ya kuelea, yaani mpira unaokwenda bila kuzunguka, mpigaji akiwa amesimama. Basi. Vijana wanataka ile ya kuruka na kuuzungusha mpira kama wanavyoiona kwenye video, lakini ile inadai marudio ambayo ratiba ya chuo haina. Anayeingiza tisa kati ya kumi akiwa amesimama namruhusu apige ya kuelea kwa kuruka. Ya kuzungusha namwachia mtu mmoja, wakizidi sana wawili, kwa timu nzima.

2. Pima wavu na mpira

Wavu wa nje hulegea katikati. Wanawake ni mita 2.24, wanaume 2.43, na hapohapo katikati ndipo pa kupimia. Mpira nao uwe na upepo wa kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita mraba. Nunua geji ya kupimia upepo, usibonyeze kwa kidole gumba. Ukizoea mpira mlegevu, siku ya mechi sevu ileile inatoka nje.

3. Kurusha mpira

Hapa ndipo nilipopoteza wiki na wiki. Nilimrekebisha bega, nikaja kwenye kiwiko, nikaja kwenye kiganja. Yeye mwenyewe alishakubali: "Kocha, mkono wangu ndio mbovu." Siku moja mwenzake akamrekodi kwa simu kutoka ubavuni, na tulipoitazama tukaona mpira unapaa mno halafu unashukia nyuma ya kichwa. Mkono ulikuwa hauna kosa, ulikuwa unaufukuza mpira tu.

Anayepiga kwa mkono wa kulia atangulize mguu wa kushoto, mpira ukae juu ya kiganja cha kushoto, mbele ya bega la kulia. Aunyanyue, asiutupe. Mpira upae kidogo tu kupita pale mkono wake unapofika ukinyooshwa, na usizunguke: akiweza kuisoma nembo ya mpira ukiwa hewani, yuko sawa. Kisha auache udondoke bila kuupiga. Uangukie mbele ya mguu wa mbele, upande wa bega linalopiga. Chora duara la chaki, au laza tairi. Dakika kumi za kurusha tu, kila siku ya mazoezi. Watanung'unika, waache wanung'unike.

Kuna mambo manne ya kuangalia. Kwenye upepo arushe chini zaidi. Wa mkono wa kushoto ageuze kila kitu, na wewe uhamie upande wa pili kumtazama, maana mimi nilisahau hilo mwezi mzima. Aliyechoka hurusha juu zaidi bila kujua, na mwenye hofu vilevile. Huyu wangu ndiko alikokuwa akipotelea.

La nne ni la sheria. Mpira ukishauachia hakuna kurusha mara ya pili, na una sekunde 8 tu tangu filimbi ya refa. Kwa hiyo wiki ya kwanza anaruhusiwa kuudaka mpira aliourusha vibaya. Baada ya hapo, marufuku. Akirusha vibaya apunguze nguvu, auokoe, uvuke.

4. Kupiga

Kifundo cha mkono kigumu, kiganja kigonge katikati ya mpira, mkono usimame hapohapo. Mguu usikanyage mstari.

5. Lengo

Koni hazipokei mpira. Weka wapokeaji watatu, kisha piga kwenye nafasi kati ya eneo la 5 na la 6 (nyuma kushoto na nyuma katikati kwao), pale wanapotazamana kila mmoja akimwachia mwenzake. Toa alama kwa pasi yao: 3 seta (anayemwandalia mshambuliaji mpira) ana chaguo zote, 0 hawakuupata kabisa. Sevu inayoingia kila mara na kupokewa kwa 3 ni zawadi. Na wasiogope kuupitisha chini, juu kidogo tu ya wavu: ukigusa wavu ukavuka, mchezo unaendelea.

6. Presha

Kikapu cha mipira mwishoni mwa mazoezi sikitumii tena. Nakatiza mazoezi ya kushambulia watu wakiwa wanahema, naanza seti 23 kwa 23, mpira mmoja, filimbi, nahesabu sekunde. Anayekosa hakimbizwi raundi. Ukimkimbiza atajifunza kupiga sevu ya woga, na wapinzani wataipenda sana.

Yule mshambuliaji sasa anadundisha mpira mara mbili, anatoa pumzi, anarusha. Zamani alidundisha mara tano, sekunde zikamwishia. Kutoka benchi simpigii kelele. Namwonyesha vidole: vitano, eneo la 5. Nikiona mkono unatetemeka namwonyesha ngumi, maana yake piga katikati, uingie tu.