Zailazini kwa mbuzi: jinsi ya kumtuliza kwa upasuaji bila kumpoteza

Mwongozo huu ni wa madaktari na maafisa mifugo wenye ruhusa ya kutumia dawa hizi, si wa mfugaji kujaribu mwenyewe zizini. Nimeuandika baada ya kumwelekeza kijana mmoja kwa simu. Alikuwa na mbuzi jike wa kilo 20, tumbo limejaa mifuko ya plastiki. Kupasua alijua vizuri. Kilichomkwamisha ni hesabu ya zailazini, dawa ya kumtuliza mnyama, na hapo ndipo mbuzi wengi wanapotufia mikononi.

1. Mnyime chakula

Mbuzi mzima, saa 12 hadi 24. Anayenyonya usimshindishe njaa, sukari itamshuka.

2. Mpime

Kwa mizani. Mizani ya kuning'iniza na gunia vinatosha. Macho hudanganya, hasa mbuzi mwenye manyoya mengi au mimba.

3. Zailazini

Soma kichupa kwanza. Ipo ya asilimia 2, yaani miligramu 20 kwa mililita, na ipo ya miligramu 100 kwa mililita. Ukikosea ukavuta ile kali ukidhani ni ya asilimia 2, umempa mara tano ya ulichokusudia.

Halafu sahau kabisa kipimo cha mbwa. Wanyama wanaocheua huzidiwa na dawa hii kwa kiasi kidogo mno. Mbwa wa kilo 20 huchomwa msulini miligramu 20 au zaidi: mililita 1 nzima ya asilimia 2. Mbuzi wa kilo hizo hizo namwanzia miligramu 0.05 kwa kilo, msulini. Hiyo ni miligramu 1, sawa na mililita 0.05. Ni tone tu! Kwenye bomba la mililita 5 huwezi kulipima, na dawa inayobaki kwenye shingo ya sindano inaweza kuzidi hilo tone.

Kwa hiyo mimi huizimua kila mara. Vuta mililita 0.5 ya asilimia 2, ongeza mililita 4.5 za maji ya sindano. Sasa kila mililita ina miligramu 2, na mbuzi wetu anapata mililita 0.5. Tumia bomba la mililita 1, andika lebo, na itakayobaki imwage siku hiyo hiyo.

Wapo wasiofaa kupewa. Mwenye mimba kubwa, kwa kuwa zailazini hubana mji wa mimba. Beberu aliyezibwa na mawe ya mkojo, kwa kuwa huongeza mkojo na kibofu kinaweza kupasuka. Mwenye gesi tumboni pia, maana tumbo husimama kufanya kazi na kubeua hukoma. Kondoo ndio wa kuogopwa zaidi: mapafu yao yanaweza kujaa maji ghafla. Kwa hawa wote naona diazepamu (dawa nyingine ya kutuliza) na ganzi ni salama zaidi.

Dawa ya kuipindua, yaani ya kuiondolea zailazini nguvu (yohimbini, tolazolini au atipamezoli), iwe karibu. Kama huna, usithubutu kupanda juu ya kipimo nilichotaja.

4. Ngoja

Dakika 10 hadi 15, pawe kimya. Kelele za watoto na mbwa huharibu usingizi, nawe utashawishika kuongeza dawa. Usiongeze.

5. Ganzi

Zailazini inatuliza, anayezuia uchungu wa kisu ni lidokeini. Kwa mbuzi usivuke miligramu 5 kwa kilo. Kilo 20 ni miligramu 100, yaani mililita 5 tu za asilimia 2, ambazo hazitoshi ubavu mzima. Changanya na kiasi sawa cha maji ya chumvi ya dripu upate mililita 10. Kila unapochoma, vuta bomba nyuma kwanza. Ukiona damu, hamisha sindano. Misuli ikianza kurukaruka, acha papo hapo. Degedege likija, diazepamu.

Nusu kaputi kwa ketamini siipendi kwa kazi hii. Uchafu wa tumbo ukirudi kooni humshukia mapafuni, na wengi wetu uwanjani hatuna mpira wa kuweka kwenye koo la hewa.

6. Kisu kikiwa kazini

Weka taulo lililokunjwa chini ya shingo, mdomo uelekee chini, mate yatoke. Mtu mmoja asifanye lolote ila kuhesabu pumzi na kutazama fizi. Zikiwa za buluu, simamisha kazi, nyoosha shingo, safisha mdomo, mpindulie zailazini.

7. Kuamka

Mlaze kifua chini, kivulini, umwegemeze pande zote mbili. Akibaki ubavu gesi itamjaa. Mpe meloksikamu ya kutuliza maumivu, kwani ganzi itaisha kabla ya jioni. Maji baada ya kusimama imara.

Mwenye mbuzi aelezwe kwa maandishi siku za kusubiri kabla ya kukamua maziwa ya kunywa au kuchinja, kwa kila dawa uliyotumia.